Jicho Lisilouma

Mwezi Januari 2024 jijini Dar es Salaam, miwani ya jua ilionekana hata ndani ya daladala za alfajiri. Ugonjwa wa macho mekundu ulikuwa umeingia. Wizara ya Afya ilitoa tahadhari, maofisini watu wakaanza kukwepa kupeana mikono, na kwenye maduka ya dawa swali lilikuwa moja tu: kuna matone? Ng'ambo ya mpaka, Mombasa na sehemu nyingine za pwani ya Kenya, hali ilikuwa hiyohiyo. Mgonjwa aliamka kope zimegandana kwa tongotongo, machozi yanamtiririka, na kila akipepesa anahisi mchanga jichoni.

Ugonjwa huo si mgeni Afrika. Mlipuko mkubwa ulianzia Ghana mwaka 1969, mwaka ambao chombo cha Apollo 11 kilifikisha binadamu mwezini, na wananchi wakaubatiza jina la chombo hicho. Mpaka leo ziko nchi za Afrika Magharibi ambako mwenye macho mekundu huambiwa ana Apollo. Husababishwa na virusi, husafiri kwa mikono, taulo na foronya, na kwa watu wengi hupona wenyewe katika wiki moja au mbili bila kuacha alama.

Wiki zilezile mji mzima ulipokuwa ukikimbilia matone kwa ugonjwa unaoondoka wenyewe, palikuwa na watu wengi waliokuwa wakipoteza nuru ya macho bila wekundu, bila kuwashwa, bila tongotongo. Hawakwenda popote, kwa kuwa hakuna kilichowauma. Daktari wa macho popote Afrika Mashariki anawajua wagonjwa hawa: ni wale wanaoingia chumbani wameshikwa mkono na mjukuu, wakasema kwa mshangao kwamba jicho halijawahi kuwasumbua hata siku moja. Watu wamezoea kupima hatari ya jicho kwa maumivu, na kipimo hicho kinawaponza wengi.

Sababu iko kwenye maumbile ya jicho lenyewe. Konea, kile kioo cha mbele kinachong'aa, imejaa neva za maumivu. Chembe ya vumbi inatosha kumsimamisha mtu kazini. Lakini retina, utando wa nyuma unaopokea picha, hauna neva za maumivu hata moja. Na neva inayobeba picha hiyo kwenda kwenye ubongo inaweza kufa uzi mmoja baada ya mwingine, mwenyewe asihisi lolote.

Mafundi wa kuchomelea wa Gikomba jijini Nairobi, au wa Gerezani Dar es Salaam, wanaijua vizuri nusu ya kwanza ya habari hii. Aliyechomelea mageti mchana kutwa bila kinga hulala salama, kisha saa sita au saba za usiku anaamka hawezi kufumbua macho. Konea imeungua kwa mionzi ya urujuanimno, na uchungu wake huchelewa saa kadhaa. Ni mateso makubwa, lakini baada ya siku moja au mbili konea hujirudi na fundi akarejea kazini.

Nusu ya pili ya habari ilihitaji jua lenyewe. Tarehe 1 Septemba 2016 watu walikusanyika Rujewa, wilayani Mbarali mkoani Mbeya, kutazama jua likipatwa na kubaki umbo la pete. Wataalamu walisisitiza miwani maalumu, na hawakuwa wakitia chumvi. Mwanga wa jua ukikusanywa na lenzi ya jicho unachoma katikati kabisa ya retina, mahali panapotumika kusoma herufi na kutambua sura. Anayechomwa hahisi joto wala maumivu. Anagundua baadaye, akishika kitabu, kwamba kuna doa katikati ya kila anachokitazama. Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa kabisa juu ya Luxor, Jeddah na Makka, na baadhi ya maeneo ya Afrika Mashariki yataliona limemegwa sehemu. Miwani ya jua ya kawaida, filamu za eksirei na vioo vilivyopakwa masizi havimkingi mtu siku hiyo.

Mfano mzito kuliko wote wa jicho lisilouma ni presha ya macho, ambayo hospitalini huitwa glakoma. Jicho hutengeneza maji yake ndani muda wote, na maji hayo hutoka kupitia vichujio vidogo vilivyopo pembeni, pale konea inapokutana na duara lenye rangi. Vichujio vikizembea, maji yanakawia kutoka, shinikizo linapanda, na neva ya macho inadhoofika kwa miaka. Presha hii si ile ya damu, na vidonge vya presha ya damu si tiba yake. Wapo hata watu ambao shinikizo la jicho likipimwa linaonekana la kawaida na neva bado inakufa, ndiyo maana kipimo cha shinikizo peke yake hakitoshi. Mpimaji lazima aitazame neva yenyewe.

Kinachopotea kwanza ni uoni wa pembeni. Mtu anaendelea kusoma gazeti, anahesabu fedha zake, anawatambua watu walioketi mbele yake. Wakati huohuo anaanza kugonga miimo ya milango, anapiga kikumbo kikombe kilichowekwa ubavuni, anashtushwa na bodaboda ambayo kila mtu mwingine aliiona ikija. Nyumbani wanasema mzee siku hizi hana makini. Na kwa kuwa jicho moja hufidia pengo la jingine, mgonjwa anaweza kupoteza sehemu kubwa ya jicho moja kabla hajatambua. Kilichokufa hakirudi. Dawa, leza na upasuaji hulinda kilichobaki, basi.

Watu wenye asili ya Afrika huupata ugonjwa huu kwa wingi zaidi, na mara nyingi mapema zaidi, kuliko watu wenye asili ya Ulaya. Uchunguzi uliofanywa wilayani Kongwa, mkoa wa Dodoma, ulikuta takribani watu 4 katika kila 100 wenye umri wa miaka 40 na zaidi wana presha ya macho. Aliyezaliwa na mzazi mwenye ugonjwa huu, au mwenye kaka au dada anayeugua, hatari yake ni mara kadhaa ya mtu mwingine. Kwa hiyo mgonjwa mmoja akigunduliwa, ndugu zake wa damu nao wana safari ya kwenda kupimwa. Hili halisemwi vya kutosha kwenye vyumba vya madaktari, na linapaswa kusemwa kwa kila mgonjwa.

Tiba iliyozoeleka ni matone ya kila siku, maisha yote. Hapo ndipo wengi wanapoanguka, na si haki kuwalaumu haraka. Chupa ndogo inaisha mapema, duka la karibu halina, nauli ya kwenda mjini inazidi bei ya dawa, na zaidi ya hayo dawa haimfanyi mtu aone vizuri kuliko jana. Anatumia fedha kwa kitu kisichompa nafuu anayoweza kuiona, mpaka siku moja anaacha.

Kuna habari kutoka Moshi ambayo inastahili kuwafikia wengi. Katika hospitali ya rufaa ya KCMC watafiti waliwagawa wagonjwa wa presha ya macho kwa bahati nasibu: kundi moja likapewa matone ya timololi, jingine likapigwa leza kwenye vile vichujio vya pembeni ya jicho, kazi ya dakika chache isiyohitaji kisu na inayoweza kurudiwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Baada ya mwaka mmoja, katika kundi la leza asilimia 61 ya macho yalikuwa yamefikia shinikizo lililolengwa. Katika kundi la matone ilikuwa asilimia 31. Huu si ushahidi wa kuazima kutoka Ulaya. Ni macho ya watu wa huku, katika hospitali ya huku, na wagonjwa wengi walifika ugonjwa ukiwa umeshakomaa. Wizara zinazopanga bajeti za vifaa vya hospitali za rufaa zina sababu nzuri ya kuitazama mashine hiyo upya.

Kwa wanaoendelea na matone, namna ya kuyatia ina maana kubwa kuliko inavyodhaniwa. Mtu ananawa mikono, analala chali au anainua kichwa, anavuta kope ya chini kwa kidole mpaka pafanyike kijimfuko, anadondosha tone moja bila ncha ya chupa kugusa jicho. Kisha anafumba, bila kupepesapepesa, na anakandamiza kwa kidole ile kona ya jicho iliyo karibu na pua kwa dakika mbili. Asipokandamiza, dawa inakimbilia kwenye mfereji wa machozi, inashukia puani na kooni, na hapo inaingia kwenye damu badala ya kufanya kazi jichoni. Wengi wanaolalamika kwamba dawa ya macho ina uchungu mdomoni wamekosa hatua hiyo tu. Akiwa na dawa ya pili, asubiri kama dakika tano.

Kisukari nacho huharibu jicho kwa namna hiyohiyo isiyosikika. Mishipa midogo ya damu ya retina inavuja au inaziba, na mgonjwa anaona vizuri kabisa mpaka siku mshipa unapopasuka. Mwenye kisukari anahitaji retina yake ikaguliwe kila mwaka, hata kama anasoma herufi zote za chati, kwa sababu leza na sindano za jicho hufanya kazi nzuri zaidi kabla uoni haujashuka.

Mtoto wa jicho ni habari nyingine, na ndani yake mna neema. Ndio ugonjwa unaoongoza duniani kwa kusababisha upofu, na ni upofu unaoweza kuondolewa. Lenzi ya jicho, ambayo ujanani ni angavu, inaingia ukungu. Umri ndio chanzo kikuu. Kisukari, uvutaji wa sigara, jua kali la miaka mingi, jeraha na dawa za steroidi huharakisha. Mgonjwa anaanza kuona kama anayetazama nje kupitia kioo cha basi kilichojaa vumbi. Taa za magari usiku zinatawanyika, rangi zinafifia, na mwishowe mboni inaonekana kijivu au nyeupe. Hakuna matone yanayoisafisha lenzi hiyo, hata yawe ya bei gani na yatangazwe kwa sauti gani sokoni. Tiba ni kuitoa na kuweka nyingine.

Lenzi ya kuweka badala yake ilipatikana kwa njia ya vita. Harold Ridley, daktari wa macho wa Uingereza, aliwatibu marubani wa Vita Kuu ya Pili ambao vioo vya ndege zao vilipasuka na vipande vya plastiki ngumu aina ya Perspex vikawaingia machoni. Aliona kitu cha ajabu: jicho halikukivimbia kipande hicho wala kukikataa. Tarehe 29 Novemba 1949, katika hospitali ya St Thomas' mjini London, akamwekea mgonjwa lenzi iliyotengenezwa kwa plastiki ya namna hiyo. Madaktari wakubwa wa wakati wake walimpinga kwa miaka mingi. Uzeeni yeye mwenyewe alipatwa na mtoto wa jicho, akawekewa lenzi ya bandia katika hospitali hiyohiyo ya St Thomas', na mwaka 2000 nchi yake ikampa heshima ya Sir.

Leo kazi hiyo hufanyika kila wiki katika hospitali za CCBRT Dar es Salaam, KCMC, Muhimbili, Kikuyu karibu na Nairobi, Sabatia magharibi mwa Kenya na Kwale pwani. Mgonjwa hubaki macho. Anafunikwa kitambaa chenye tundu, jicho linatiwa ganzi, daktari anafungua mlango mdogo ukingoni mwa jicho, anatoa lenzi yenye ukungu na kuingiza nyingine ambayo upana wake ni kama milimita 6. Mara nyingi dakika 20 zinatosha. Kesho yake asubuhi muuguzi anabandua bandeji, ananyoosha vidole na kuuliza ni vingapi. Kwenye wodi za macho saa hiyo huwa kuna kelele: watu wanatazamana, wanasoma mabango ukutani kwa sauti, bibi anauliza yule aliyekuwa akiongea naye usiku kucha kitanda cha pili ndiye huyu.

Lakini bado wengi hawafiki. Kuna uvumi mkongwe kwamba daktari hulitoa jicho nje, akalisafisha, kisha akalirudisha. Si kweli, jicho halitolewi mahali pake hata kwa nukta moja. Kuna wanaoambiwa wasubiri mpaka mtoto wa jicho aive. Ushauri huo ulikuwa na maana zamani, enzi za upasuaji wa aina nyingine. Kwa mbinu za sasa mgonjwa anafanyiwa mara tu ukungu unapomzuia kufanya shughuli zake, na kuchelewa sana hufanya lenzi iwe ngumu kutoa na wakati mwingine kuleta presha ya jicho juu yake. Na kuna suala la nani anatoa uamuzi nyumbani. Duniani, zaidi ya nusu ya wasioona ni wanawake, na katika nchi nyingi mwanamke huchelewa kufika kwenye chumba cha upasuaji kuliko mwanamume. Mama mzee anasema ameshazeeka, fedha zitumike kwa ada za watoto, naye anakaa jikoni akipapasa sufuria. Familia inakubali haraka mno. Kupapasa huko kunaweza kuishia hospitalini ndani ya siku mbili, na kila mwaka wa kuchelewa ni mwaka wa mama huyo kuanguka, kuungua na kumzuia mjukuu asiende shule kwa sababu ndiye fimbo yake.

Turudi kwenye matone, kwa sababu hapo kuna madhara yanayotengenezwa na mikono yetu wenyewe. Chupa nyingi zinazouzwa bila cheti zina steroidi, mara nyingi deksamethasoni, pamoja na dawa ya kuua vijidudu. Steroidi hutuliza wekundu haraka, na wepesi huo ndio unaoiuza. Ikitumika kiholela kwa miezi inapandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Ikitiwa kwenye kidonda cha fangasi inakistawisha kidonda hicho. Wanaoumia zaidi ni watoto wenye mzio wa macho, wale wanaojikuna mchana kutwa mpaka weupe wa jicho unageuka hudhurungi. Utafiti wa shule za katikati mwa Rwanda ulikuta takribani watoto 4 katika kila 100 wana mzio wa aina hiyo. Mtoto anawashwa, mzazi ananunua chupa ileile iliyosaidia mwezi uliopita, na hakuna anayepima presha ya jicho la mtoto wa miaka 9.

Kidonda cha konea kinastahili haraka ya aina yake. Wakati wa mavuno jani kavu la mahindi linamkwaruza mkulima jichoni. Anadhani ni kitu kidogo. Baada ya siku chache panatokea doa jeupe, mwanga unamchoma, uoni unapungua. Hapo si wakati wa maziwa ya mama, juisi ya majani, maji ya chai wala mkojo. Kila kimoja kati ya hivyo kinaweza kupeleka vijidudu ndani ya kidonda, na konea ikishatoboka hata hospitali kubwa inabaki na machache ya kufanya. Macho mekundu yenye maumivu makali, au yanayokimbia mwanga, au yenye doa jeupe, au yaliyopungua uoni, yanakwenda kwa mtaalamu siku hiyohiyo. Macho mekundu ya virusi, yale ya Januari 2024, yanahitaji maji safi, taulo ya peke yake na subira.

Kongwa iliyotajwa hapo juu ina jina kubwa katika historia ya macho duniani, kwa sababu ya ugonjwa wa vikope, yaani trakoma. Bakteria wake hubebwa na vidole, nguo na nzi wanaotua kwenye nyuso za watoto. Mtoto akiambukizwa tena na tena, ndani ya kope panafanyika makovu. Miaka inapita, kovu linavuta ukingo wa kope, na nywele za kope zinageukia ndani na kukwaruza konea kila anapopepesa. Wanawake ndio walioathirika zaidi, kwa kuwa ndio wanaolea. Wengine huwa na kibano kidogo cha kung'olea nywele hizo, wakizing'oa leo na kuzing'oa tena zikiota.

Tangu miaka ya 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani na wenzao Watanzania walifanya kazi katika vijiji vya Kongwa. Utafiti wao uliochapishwa mwaka 1995 ulionyesha kwamba watoto walioendelea kuwa na nyuso safi walipata trakoma kali kwa nadra zaidi. Kijiji kikavu kama hivyo kina sababu ya kuuliza maji yatoke wapi, na jibu la watafiti na wahudumu wa afya lilikuwa kuwaonyesha wazazi jinsi maji kidogo sana yanavyotosha uso mmoja. Kibuyu chirizi kilichotundikwa nje ya choo kinafanya kazi hiyo kwa gharama ya dumu kuukuu na kamba. Mwaka 1999 Tanzania ikawa miongoni mwa nchi za kwanza kupokea dawa ya azithromaisini iliyotolewa bure na kampuni ya Pfizer kwa ajili ya trakoma. Wagawaji walipita vijijini na fimbo yenye alama, wakimsimamisha kila mtu kando yake ili kimo chake kiseme ameze vidonge vingapi. Upasuaji wa kope, dawa, usafi wa uso na vyoo: mambo hayo manne pamoja ndiyo yaliyoiwezesha Oman kuwa nchi ya kwanza kuthibitishwa na Shirika la Afya Duniani, mwaka 2012, kwamba trakoma si tena tatizo la afya ya jamii. Miongoni mwa zilizofuata ni Ghana mwaka 2018, Malawi mwaka 2022 na Burundi mwaka 2025. Kwa Tanzania na Kenya, ngome zilizobaki ziko zaidi kwenye maeneo ya wafugaji, ambako maji ni mbali na nzi ni wengi.

Baada ya magonjwa mazito, ni rahisi kuidharau miwani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 826 wana tatizo la kuona karibu linaloletwa na umri, na wengi wangeridhika na miwani ya kusomea. Fundi cherehani wa miaka 45 anayesogeza sindano mbali, kisha karibu, kisha anamwita kijana amtungie uzi, hana ugonjwa. Lenzi yake imepoteza unyumbufu, jambo linalompata kila binadamu. Nchini India, wavunaji wa chai wa Assam waliopewa miwani ya aina hiyo waliongeza mavuno yao kwa zaidi ya asilimia 20, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018. Bangladesh, mwaka 2024, utafiti mwingine ulionyesha kipato cha waliopewa miwani kikipanda kwa takribani theluthi moja. Pamoja na hayo bado kuna anayevumilia miaka kumi akiamini miwani itamdhoofisha macho. Haimdhoofishi. Umri unaendelea kwenda, awe ameivaa au hajaivaa.

Kwa mtoto, muda ni mfupi zaidi. Ubongo hujifunza kuona katika miaka saba au minane ya mwanzo. Jicho lisilopata picha safi kipindi hicho huachwa nyuma, na likitibiwa ukubwani halifikii tena. Kwa hiyo makengeza yasiyoisha hayasubiriwi mtoto akue. Na picha iliyopigwa kwa simu yenye flashi, ambayo mboni moja imetoka nyekundu na nyingine imetoka nyeupe, inatosha kuwa sababu ya kwenda hospitali kesho yake, kwani weupe huo unaweza kuwa mtoto wa jicho wa kuzaliwa nao au saratani ya retina, ambayo huwapata zaidi watoto wa chini ya miaka 5 na ikiwahiwa hutibika. Chanjo ya surua, matone ya vitamini A kila miezi sita kwa watoto wa umri wa miezi 6 hadi 59, maini, dagaa, mchicha, papai, viazi vitamu vya rangi ya chungwa na mawese mekundu ya Kigoma na Kongo humkinga mtoto na ule upofu unaoanza kwa kushindwa kuona magharibi ikiingia.

Shuleni, mwalimu ndiye anayemwona mtoto akikodoa macho ubaoni. Katika kaunti ya Trans Nzoia nchini Kenya walimu walipewa simu zenye programu ya Peek ya kupima uoni. Mzazi wa mtoto aliyeonekana na tatizo alipata picha inayoonyesha ubao unavyoonekana machoni mwa mwanawe, na ujumbe wa simu wa kumkumbusha. Katika shule hizo watoto 54 kati ya kila 100 waliopewa rufaa walifika hospitali. Katika shule zilizotumia njia ya kawaida walifika 22.

Mtu mzima anaweza kuanza nyumbani leo: afunike jicho la kulia, asome kalenda ya ukutani, kisha afunike la kushoto. Wengi hugundua tofauti ambayo macho yote mawili yakiwa wazi huificha. Aliyetimiza miaka 40 aende kupimwa hata kama anaona vizuri, na aombe mambo matatu: kila jicho lisomeshwe chati peke yake, presha ya jicho ipimwe, na neva na retina zitazamwe baada ya kutiwa dawa ya kutanua mboni. Dawa hiyo humwachia ukungu kwa saa kadhaa, kwa hiyo aende na mtu na asiendeshe pikipiki kurudi. Abebe chupa zote za matone alizowahi kutumia. Na aliye na mzazi aliyepofuka kwa presha ya macho aliseme hilo mapema, kabla hajaulizwa, kwa sababu ndilo litakalomfanya mpimaji aanze na neva.